Laptop Aliyonichagulia Mchumba Wangu

"Hiyo ya nini, mpenzi? Utabeba tofali begani?"

Mchumba wangu aliisukuma pembeni laptop niliyokuwa nimeikumbatia, akanishikisha nyingine, nyembamba, inang'aa kama kioo.

Muuza duka akakohoa.

"Kaka, dada amesema anahariri video za harusi. Ile kubwa ndiyo yenye nguvu. Hii ni ya kuandikia barua."

"Wewe uza. Fundi ni mimi."

Nikacheka. Ningebishana vipi? Mtaa mzima ulimpelekea yeye kompyuta zikigoma. Mimi najua kukata na kuunga picha. Mambo ya ndani ya mashine nilimwachia. Tukatoka na ile nyembamba, mkono wake kiunoni mwangu.

Kampuni moja ya kurekodi sherehe ilikuwa inatafuta mhariri, ndiyo maana nilinunua laptop. Kwenye mchujo tukabaki wawili: mimi na shoga yangu wa chanda na pete, tuliyejifunza naye kazi. Kila mtu aje na laptop yake, ahariri harusi ileile mbele ya bosi.

Siku ilipofika, shoga yangu akatoa laptop ya aina ileile niliyoiacha dukani.

"Makubwa! Umeipata wapi?"

"Ya mjomba, nimeazima tu," akajibu bila kuniangalia.

Tukaanza. Yangu haikuchukua muda, ikaanza kuvuma na kuchemka. Bibi harusi akanyanyua mguu kwenye skrini, asiushushe tena. Kisha giza. Nikaiwasha, ikazima. Mwenzangu alishamaliza, anakunywa maji.

"Binti, mkono wako mzuri," bosi alisema kwa upole. "Lakini wateja wangu hawawezi kusubiri mashine izinduke."

Kazi ikaenda kwa shoga yangu. Akatabasamu, mwanya wake nje, akanikumbatia.

"Pole, mwaya. Riziki haigombewi."

Nikaenda moja kwa moja dukani.

"Kaka, umeniuzia mbovu!"

"Si mbovu, dada. Umeibebesha mzigo usio wake. Tena mchumba wako anajua, maana jioni ileile alirudi akachukua ile kubwa."

"Alirudi? Na nani?"

Akajuta kufungua mdomo.

"Dada mmoja ana mwanya, mcheshi. Mchumba wako alikuwa anamwita 'mke wangu'. Nisamehe, nilidhani ni mdogo wako, anamtania shemeji yake."

Nikampigia fundi wangu.

"Uko wapi?"

"Karakana, mpenzi. Vipi usaili?"

Nyuma ya sauti yake kikasikika kicheko ninachokijua kuliko changu. Nikakata.

Niliwakuta karakana, wamekaa benchi moja. Shoga yangu akasimama ghafla, mkono ukaenda tumboni wenyewe. Hapo nikaelewa kabla sijaambiwa.

"Mimba?"

Fundi akainamisha kichwa.

"Nilitaka apate kwanza pa kujishikiza. Wewe una kipaji, kazi hukosi. Halafu ningekuambia taratibu..."

"Ungeniacha tu! Watu wanaachana kila siku. Kwa nini na kazi yangu?"



"Shoga, nisikilize..." yule mwingine akaanza kulia.

"Usiniite hivyo. Ulikaa pembeni yangu ukiniangalia nazama, ukanywa maji."

Nikavua pete, nikaiweka juu ya benchi katikati yao, nikatoka. Sikufika mbali, ujumbe ukaingia:

"Nisamehe. Moyo wangu bado uko kwako."

Nikajibu: "Mpe mama wa mtoto wako."

Nikamfungia namba. Kisha nikampigia mama.

"Mama, waambie wajomba wasije Jumamosi."

"Wasije tena? Na mahari itapokewa na nani?"

"Hakuna mahari, mama. Hakuna harusi."

Nilijiandaa kwa maswali, kwa lawama, kwa aibu ya ukoo.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Njoo nyumbani, mwanangu. Mengine utaniambia ukishashiba."

Ndipo machozi yakanitoka, pale pale barabarani, watu wakinipisha.