Kikombe cha Kumlaza Baba

Kila asubuhi, majirani walipokuwa wakipiga mswaki uani tayari kwenda kazini, baba yake Kiherehere ndiyo kwanza alikuwa akirudi. Alikuwa mwokaji mikate wa zamu ya usiku. Aliingia na unga kwenye nyusi, akaoga maji aliyotengewa na binti yake, akala kidogo, kisha akajitupa kitandani. Na kuhusu hilo jina, msiulize sana: binti huyo hakuwahi kuona jambo linafanyika akakaa kando. Hata shuleni walimwita hivyo hivyo, naye akaitika.

Tatizo ni kwamba siku hizo Baba alijitupa tu, usingizi hapati. Aligeuka huku, akageuka kule, kitanda kikalia mpaka mchana. Jioni alitoka macho mekundu. Kisha usiku mmoja alisinzia amesimama mbele ya tanuri, mkono ukagusa trei ya moto. Alirudi na bandeji, na maneno ya msimamizi wake: akisinzia tena, kazi hana.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu," Baba alisema.

Hapo ndipo wasiwasi ulipomwingia hasa. Mama alikuwa kwao akimuuguza bibi, na shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili tu. Kiherehere alijiapiza: Baba atalala, atake asitake!

Alianza na maziwa ya moto yenye asali. Baba akanywa, akasifu, akageuka huku na kule. Siku iliyofuata akachemsha mchaichai. Alipoumimina aliona rangi yake hafifu mno, akaona aibu kumpa mzee wake kitu kama maji ya kuoshea vyombo. Akatia majani ya chai, kijiko kizima, akajaza kikombe kikubwa kuliko vyote. Baba alikunywa chote ili asimvunje moyo. Looh! Kama kuna kukesha mchana, basi Baba alikesha, na njia ya chooni aliijua vizuri siku hiyo.

"Baba, umelala?" Kiherehere aliuliza mlangoni kila baada ya muda kidogo.

"Nilikuwa nakaribia," Baba alijibu kwa upole.

Jirani yao, mama mmoja fundi cherehani, alimkuta amejiinamia kizingitini. "Wee, mbona umenuna hivyo? Nani kakuudhi?"

Kiherehere akamweleza yote. Fundi akaingia kwake, akarudi na vidonge viwili ndani ya karatasi.

"Shemeji yangu alipewa hospitali alipokosa usingizi, hivi vikabaki. Visage, umtilie kwenye maziwa. Ila usimwambie, maana baba yako kwa dawa ni mbishi. Atalala fofofo!"

"Havitamdhuru?"

"Shemeji yangu si yuko mzima?"

Fundi hakuwa na nia mbaya, jamani. Alitaka kusaidia tu, kama tunavyotaka wengi wetu.

Mchana ule Baba alikuwa hajapata hata lepe la usingizi. Kiherehere akavisaga vidonge, akakoroga maziwa mpaka hakikuonekana kitu, akampelekea. Baba aliketi kitandani, akakipokea kikombe kwa mkono ule wenye bandeji.

"Ahsante, mwanangu. Usingizi leo umenikataa kabisa. Nikimaliza haya maziwa naenda kazini mapema, maana mwenzangu ni mgonjwa, tanuri nitalishika peke yangu."

Akakiinua kikombe mdomoni.

"Baba, usinywe!"

Maziwa yalimwagikia shuka. Kiherehere angeweza kusema ameona mdudu, na Baba angemwamini. Lakini alisema kweli, yote, machozi yakimtoka: vidonge, karatasi, na kwamba aliambiwa anyamaze.

Baba hakugomba. Alikiweka kikombe chini, akachukua viatu. "Twende zahanati."

Muuguzi alimsikiliza Baba, kisha akauliza, "Ukiwa kazini unakunywa nini?"

"Chai kavu, nzito. Karibu na alfajiri namaliza chupa nzima, nisisinzie kabla zamu haijaisha."

"Basi ndiyo hiyo inayokukodolesha macho kitandani. Mchana hulali, usiku unasinzia, kisha unakunywa nyingine! Na nyumbani?"

Kiherehere akataja maziwa, na mchaichai wake wenye majani ya chai.

Muuguzi alicheka hadi akavua miwani. "Kumbe chai ilikuwa inamsubiri mpaka nyumbani! Mchaichai mtupu hauna neno, maziwa pia, ila kikombe kidogo. Chai nzito anywe zamu inapoanza tu, baada ya hapo maji. Chumba kiwe na giza na kimya. Isiposaidia, rudini hapa. Na dawa ya mtu mwingine, binti, ni ya mtu mwingine."

Usiku huo Baba alimwomba msimamizi amweke kwenye kufunga mikate mifukoni, mbali na moto, mpaka usingizi wake urudi. Msimamizi alinung'unika, lakini akakubali. Kiherehere naye alikwenda kwa fundi kuomba kitambaa cheusi. Fundi, kwa aibu, alishona pazia zima bure, na akaahidi kutogusa cherehani yake mpaka Baba aamke. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Baba aliumwa kichwa kwa kuikosa chai yake, na kitanda kiliendelea kulia. Hawakulegea. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa ya Kiherehere: kukaa uani bila kuuliza, "Umelala?"

Kisha asubuhi moja kitanda kikanyamaza. Baada ya muda ukasikika mkoromo, na ulikuwa mkubwa hasa. Kiherehere alijiziba mdomo asipige kelele za furaha.

Aliporudishwa kwenye tanuri, Baba alimwita binti yake, akamketisha karibu.

"Umepika vingi ili nilale, na nakushukuru. Ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza anayejua, wala usimpe kitu kwa siri. Lakini siku ile uliogopa, na bado ukasema kweli. Ungenyamaza, mwanangu, ningelala. Ningelala mbele ya moto."