Tarumbeta Nyuma ya Mlango

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, Radojka alipokea simu kutoka Vienna. Walikuwa wenzake wa bendi, Vukan na dada yake Ljubica, waliohamia huko na wazazi wao miaka miwili iliyopita.

"We Radojka, unapiga?" Vukan aliuliza kila mara.

"Kila siku!" alijibu Radojka, na huku tarumbeta yake inaning'inia nyuma ya mlango, imejaa vumbi. Tangu wenzake waondoke hamu ilimwisha, ila kusema aliona aibu.

Mwezi wa Agosti wakaja likizo kijijini. Walikubaliana kupiga kolo, muziki wa kucheza kwa duara, kwenye sikukuu ya kanisa kama zamani. Asubuhi hiyo vitufe vya tarumbeta vilikuwa vimekwama. Radojka akavitia mafuta ya alizeti ya kupikia, akajipa moyo.

Uwanjani watu walishikana mikono, duara likaanza kuzunguka. Wimbo haukufika katikati. Midomo ya Radojka iliishiwa nguvu, na kitufe kimoja kilizama kikagoma kupanda. Ngoma ya Vukan ilikimbia mbele, baragumu la Ljubica likabaki nyuma.

"Jamani, hii kolo au msiba?" mtu akapiga kelele. Mikono ikaachana, watu wakaenda zao kula mwanakondoo wa kuchoma.

Radojka hakulia. Alikufa ganzi tu, hata aibu hakuisikia. Watatu hao walikaa chini ya ukuta wa kanisa bila kutazamana.

Babu Milun, babu yake Radojka aliyewafundisha wote, akaichukua tarumbeta, akainusa. "Mjukuu wangu, umekaanga viazi humu?"

Hakuna aliyecheka.

"Babu, sijapiga miaka miwili," alisema Radojka. "Niliwadanganya kila Jumapili."

Vukan akainamisha kichwa. "Hata mimi. Kwetu majirani hawataki ngoma."

"Baragumu nimelitoa kwenye mfuko juzi tu," Ljubica akanong'ona.

"Kuacha kupiga si kitu, mtu hujifunza tena," alisema Babu Milun. "Lakini mlidanganyana hadi kila mmoja akamtegemea mpigaji ambaye hayupo. Mngesema kweli, ningewapa wimbo mwepesi. Kesho saa mbili asubuhi, kwangu. Tunaanza kwa kuosha vitufe."

Wenzake waliporudi Vienna, Jumapili simu ikalia.

"Unapiga?"

"Leo sijapiga. Jana nusu saa."

"Mimi dakika kumi" alisema Vukan, ", juu ya mto wa kulalia."

Hapo ndipo Radojka alipolia.