Picha ya Upande wa Kulia

Jumatano shule kwetu Groningen huisha mchana, na mimi huendesha baiskeli moja kwa moja hadi nyumbani, nikala vipande vyangu viwili vya mkate wenye chembe za chokoleti, kisha nikatoka kucheza. Jumatano ile mkate niliuacha mezani. Mkaguzi alikuwa anakuja saa saba na nusu kuipima nyumba yetu.

Tulikuwa tunaiuza. Bibi yangu, anayeishi peke yake, alikuwa ameanguka mara mbili kwenye ngazi zake, na Baba alikuwa amepata nyumba yenye chumba cha chini ambamo angekaa nasi. Lakini huku kwetu huuzi nyumba bila cheti cha nishati. Cheti hicho hutoa herufi: A ni nyumba inayotunza joto, G ni nyumba inayopasha joto mtaa mzima. Mnunuzi wetu, ambaye mtoto wake ana pumu na hawezi baridi, alikuwa ameshasema, "Ikishuka chini ya C, mimi simo."

"Wasiwasi wa nini?" Baba alisema huku akipanga vikombe vya kahawa. "Paa nililijaza pamba ya kuzuia baridi kwa mikono yangu mwenyewe, pande zote mbili. Na Hilke ana picha. Au sivyo, Hilke?"

"Ndiyo, Baba," nikajibu.

Ukweli ni huu. Miaka miwili nyuma, Baba alipokuwa akiweka pamba ile darini, kazi yangu ilikuwa moja tu: kabla hajaifunika kwa bodi za jipsamu, ambazo ndizo kuta za chumba, niipige picha, na futi ya kupimia unene wake ionekane. Upande wa kushoto nilipiga. Tulipofika upande wa kulia wenzangu wakaniita mferejini kuogelea, nikaenda. Baba aliponiuliza nikamjibu, "Nimepiga zote." Na mkaguzi hana macho ya kuona ndani ya ukuta, kisicho na ushahidi hukihesabu kuwa hakipo.

Nikajifungia chooni na simu yangu. Nikaichukua picha ya kushoto, nikaigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo. Lo! Kenchi, zile mbao za paa, zikainamia upande wa pili na dirisha likahama. Nikajiona mjanja kuliko watu wote wa Groningen.

Mkaguzi, Bi Geertje, alikuwa mama mrefu wa maneno machache. Alipima madirisha, akakagua mtambo wa maji ya moto, akanywa kahawa na biskuti moja, Baba akalifunga kopo la biskuti, maana kwetu mgeni hupewa moja tu. Kisha tukapanda darini, ambako ndiko kwenye chumba changu. Nikampa simu.

Picha ya kwanza aliitazama, akatikisa kichwa kukubali. Ya pili aliitazama, akavaa miwani, akaitazama tena.

"Binti, futi ya baba yako husomwa kinyumenyume?"

Nikachungulia. Namba zote za futi zilikuwa zimegeuka. Kaka yangu Jorn, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangua kicheko. "Weee Hilke! Hata kudanganya hujui! Njia ya mwongo fupi!"

Baba hakucheka. Aliichukua simu, akaitazama picha mwenyewe.

"Niliigeuza," nikasema, machozi yakinitoka. "Ya kulia sikupiga, Baba. Nilikwenda kuogelea."

Bi Geertje akaweka kalamu chini. "Mwanzo tulikosa picha moja. Sasa na hii nyingine siiamini. Nitajuaje kama ni ya nyumba hii?"

"Hiyo ni ya kweli! Naapa!"

"Huenda. Lakini anayeniapia ndiye aliyenidanganya sasa hivi. Bila kuhesabu pamba ya paa, nyumba hii ni E."

E! Nikamwona Bibi kwenye zile ngazi zake, nikaogopa kwelikweli.

"Basi tufungue ukuta," nikasema. "Pande zote mbili. Uone kwa macho yako."

Baba akazitazama zile kuta. Majira yote ya baridi nilikuwa nimezichorea ndege wa buluu, kuanzia sakafuni hadi juu. "Una uhakika?" akaniuliza.

"Nina uhakika."

"Nina nyumba nyingine hapo jirani," akasema Bi Geertje. "Saa kumi nitapita."

Skrubu zilikuwa zimefichwa na rangi, ikabidi tuzikwangue moja moja. Vumbi lilitujaa puani, na ndege wangu wakapasuka vipandevipande. Jorn naye aliacha mzaha, akatusaidia kubeba bodi. Saa kumi Bi Geertje alirudi, akachomeka futi yake mwenyewe kwenye pamba, kushoto na kulia, akapiga picha zake.

"Sentimita kumi na nne," akasema. "Hapo sawa."

Wiki iliyofuata cheti kikaja. B! Mnunuzi akatia saini, na Bibi akaanza kufunga vyombo vyake.

Jumamosi mimi na Baba tulikuwa tukirudishia bodi. Akaniuliza, "Siku ile nilipokuuliza, ungeniambia, 'Baba, nimesahau kupiga picha,' ningefanya nini?"

"Ungenigombeza."

"Ningekugombeza, ndiyo. Kisha ningefungua skrubu nne za bodi moja niliyokuwa nimeifunga, nikupe simu upige, yamekwisha. Skrubu nne tu, Hilke. Jumatano ile tulifungua ngapi?"

"Sitini na mbili," nikasema. Nilikuwa nimezihesabu.

"Basi kosa liseme lingali bichi, mwanangu. Kila siku unayolificha, unaliongezea skrubu."