Aliyembembeleza Hezekia

Kilio cha mtoto kilikatika ghafla, na Tabea alikuwa bado uani na mzigo wa kuni mikononi.

Ulikuwa mwaka ule mfalme wa Waingereza alipofariki. Hezekia, mwana wa kwanza wa Tabea, alikuwa na wiki sita, na kila alasiri tumbo lake lilijaa gesi. Alikunja miguu, akalia mpaka sauti ikakauka. Tabea alimlaza kifudifudi mapajani, akampigapiga mgongo, akampasha tumbo kwa kitambaa cha moto. Hakucheua.

Sasa alisikia ndani mgongo mdogo ukipigwapigwa, taratibu, kisha mtoto akacheua.

Aliingia. Hapakuwa na mtu. Chumba kilinuka udongo uliochimbwa karibuni.

Alimfuata mama mkwe wake, Kristina, nyumba ya pili. "Mama, umembembeleza mtoto?"

"Ndiyo kwanza nimetoka shambani, mwanangu. Hata viazi sijatua."

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mikononi mwa Tabea mtoto alilia. Akitoka tu, alitulia. Wivu ulimshika kabla ya hofu. Ni nani huyo anayejua mwanangu anapoumwa kuliko mimi? Siku ya nne alijifanya anakwenda kisimani, akarudi akinyata, akachungulia kwenye ufa wa mlango, akamwona Hezekia ameinuliwa juu ya kitanda, hajashikwa na mtu, kidevu kimeegemea bega lisiloonekana, shingo imetulia kama ya mtoto aliye kwa mamaye, na sauti ya mwanamke, nyembamba na ya karibu sana, ikimwimbia Kibena pole pole huku harufu ile ya udongo ikimjia Tabea puani.

Tangu siku hiyo mtoto alikataa ziwa. Midomo yake ilikuwa na chembe za udongo mweusi.

Tabea alimwimbia Kristina ule wimbo kwa sauti ya chini. Mama mkwe akakaa kitako.

"Dorika aliuimba akiwa mjamzito," alinong'ona.

Dorika alikuwa mke wa kwanza wa Yoeli, mume wa Tabea. Alikufa na mtoto tumboni. Tabea hakupenda jina lake litajwe ndani, na watu wote walimtii.

Kristina alichota unga wa ulezi, wakaenda kaburini, nyuma ya milanzi, ile mianzi ya kugema pombe. Ukungu ulikuwa umeshuka. "Mchungaji asisikie," alisema. "Mimi namwaga unga. Maneno ni yako."

Tabea alipiga magoti, Hezekia mgongoni.

"Dada Dorika, nimekuonea wivu ukiwa umekufa, nawe umenionea nikiwa hai. Jina lako nililifukuza nyumbani, nalirudisha. Mume tumechangia. Mtoto hatuchangii. Huyu nimemzaa mimi. Niachie."

Unga ulibonyea katikati, polepole, kana kwamba kiganja kimeegemea, kisha mtoto akapiga kelele. Tabea alimfungua, akamkunja magoti hadi tumboni, akamweka begani, akampiga mgongo. Hezekia akacheua kwa nguvu. Akatafuta ziwa, akanyonya.

Waliporudi walimkuta Yoeli amekaa nje chini ya dirisha, bado amevaa nguo zake za kibarua cha barabara.

"Leo haimbi," alisema.

Tabea alisimama. "Kumbe ulikuwa unamsikia?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa natoroka kazini nije nisikilize."

"Mtoto alikuwa anakufa njaa, Baba Hezekia."

"Nilimwona." Hakuinua uso. "Kila siku nilisema kesho nitakuambia."

Tabea alimfunga mwanawe mgongoni, akakaza kitenge, akaenda kwa Kristina. Huko ndiko alikolala usiku ule, na mwingine, mpaka Hezekia akaanza kuketi mwenyewe.