Waridi na Gumamela Darasa Moja

Alfajiri, Bi Cedes alikuwa akioka bibingka, yaani mikate ya mchele na tui la nazi, ya kuuza katika soko la mji wa Gumaca, Ufilipino. Watoto wake pacha, Marivic na Rodel, walikuwa wakitandika majani ya migomba ndani ya vikaango.

"Rodel, hebu nisomee agizo la mteja," Bi Cedes alisema.

"Mwambie Dada Waridi akusomee. Mimi Gumamela."

Katika shule yao, watoto wa kila darasa, hata hili lao la tano, waligawanywa kwa alama. Wenye alama za juu waliitwa Waridi. Wa mwisho waliitwa Gumamela, ua la kawaida linaloota kila ua wa nyumba, na chumba chao kilikuwa nyuma, karibu na vyoo. Mji mzima ulijua maana ya majina hayo. Marivic alikuwa Waridi. Rodel alikuwa Gumamela tangu darasa la pili, na sasa alitaka kuacha shule akakaushe mbata kwa Mjomba Ambo. Mjomba alikuwa ameahidi kuja kumchukua mavuno ya nazi yatakapoanza.

Mwezi huo alifika mwalimu mkuu mpya, Bi Pacita Lumbao. Aliwaita wazazi, akawaeleza kwamba angewachanganya watoto.

Bi Cedes alikuwa wa kwanza kusimama. "Samahani, Mwalimu. Marivic wangu aketi na wale? Samaki mmoja akioza, wote wameoza!"

"Wale ni akina nani, Bi Cedes?"

"Wale wa Gumamela! Watoro, wavivu, vichwa maji!"

"Na Rodel ni mtoto wa nani?"

Wazazi wakaangua kicheko. Bi Cedes akaketi, uso umemwiva.

Bi Pacita hakucheka. "Mtoto huwatazama walio karibu naye ili ajue yeye ni nani. Akikaa miaka na wenzake walioambiwa kwamba hawawezi, naye ataamini kwamba hawezi. Marivic hatapungukiwa na kitu, maana anayemweleza mwenzake jambo hulielewa zaidi yeye mwenyewe."

Watoto wakachanganywa. Mwanzoni ilikuwa vurugu tupu. Marivic alifanya kazi yote ya kikundi chake peke yake, huku wenzake wakibangua mbegu za tikiti.

"Si nilisema?" Bi Cedes alimwambia mwalimu langoni. "Binti yangu amekuwa punda wao!"

"Hapo kosa ni letu," Bi Pacita alikiri. "Kuwaketisha pamoja hakutoshi. Kila mmoja sharti awe na kazi yake."

Basi kila kikundi kikapata msomaji, mwandishi, mwuliza maswali na mwelezaji. Kazi hizo zilizunguka, kwa hiyo hapakuwa na pa kujificha.

Jioni moja Marivic alirudi nyumbani amenuna.

"Yule Totoy wa kikundi chetu ananiuliza kwa nini nusu ukiigawanya kwa robo unapata mbili. Nikamwambia ndiyo kanuni. Akauliza tena, 'Kwa nini?' Mtu gani yule!"

"Kwani wewe unajua kwa nini?" Rodel aliuliza.



Rodel alichukua bibingka, akaikata katikati. Akaweka nusu moja mbele ya dada yake, akaikata hiyo nayo katikati. "Kila kipande hiki ni robo ya bibingka nzima. Haya, ndani ya nusu mna robo ngapi?"

"Mbili." Macho yakamtoka. "Lo! Nani kakufundisha?"

"Mbona nazikata kila siku! Ila hakuna aliyeniuliza."

"Kesho njoo uwaeleze kikundi changu."

"Mimi nina kikundi changu, bwana. Na mwelezaji wa wiki ijayo ni mimi." Kisha akazila robo zote mbili.

Mavuno ya nazi yalipoanza, Rodel alikuwa akimtangulia dada yake kufika shuleni. Mjomba Ambo alikuja na mkokoteni wake unaokokotwa na nyati wa kufugwa.

"Panda, mpwa wangu! Nazi zinakungoja."

Rodel aliushika mkono wa mjomba wake, akaugusisha kwenye paji la uso wake kwa heshima. "Nitakuja Jumamosi, Mjomba. Siku za shule siwezi. Kikundi chetu kitabaki na watu watatu."

"Kwani watatu hawatoshi?"

"Hawatoshi. Nani atawaeleza?"

Mjomba akamgeukia Bi Cedes, amepigwa na butwaa. "Dada, huyu si yule Gumamela?"

"Huyu ni mwanafunzi wa darasa la tano," Bi Cedes alijibu. "Mpishe, Ambo. Utamchelewesha."