Mtoto Asiye na Kelele

Wivine alikuwa mtumishi katika jumba kubwa mtaa wa Golf, Lubumbashi. Mume wake, Guelord, alipakia malori katika mji wa mpakani wa Sakania na kurudi mara moja kwa mwezi. Ukuta wa ua ulikuwa mrefu. Hapakuwa na jirani wa kupiga naye soga. Wivine alikuwa na binti yake tu, Léa, wa miaka miwili na nusu. Na Léa hakusema neno.

Madame, mwenye nyumba, alimsifu kwa utulivu wake.

"Huyu mutoto ni sage kabisa. Hana makelele."

Wivine alifurahi. Mtumishi mwenye mtoto mkimya hafukuzwi ovyo. Basi naye akazoea kunyamaza. Jioni walikula bukari, ugali wa huko, wawili tu, bila neno.

Siku moja gari la Madame lilipiga honi. Wivine akafungua lango. Léa alikuwa amechuchumaa katikati ya njia, akipanga vifuniko vya chupa. Honi ikalia tena. Léa hakugeuka. Wivine akamnyakua gari likiwa karibu kabisa.

"Iko na kichwa nguvu!" Madame alisema.

Wivine akamchapa mtoto mkononi. Kisha akaingia chumbani, akalia.

Wiki hiyo Maman Madeleine, mhudumu wa afya, alipita nyumba kwa nyumba na matone ya chanjo ya polio. Alimpa Léa matone, akasimama nyuma yake, akamwita. Léa aliendelea na vifuniko vyake.

"Maman Léa, anasemaka maneno gani?"

"Hakuna. Ni mutoto sage."

"Munaendaka ku kilo, kule banapimaka batoto?"

"Hapana. Vaccin zake zilikwisha."

"Kilo haiko ya vaccin tu, mama. Tunaangaliaka pia namna mutoto anasikia, anasema, anacheza na benzake. Kuya naye siku ya ine."

Alhamisi, siku ya nne ya kazi, Wivine alikwenda kwenye kituo cha afya. Madeleine alitikisa kopo la maharagwe nyuma ya Léa. Léa hakugeuka. Akauliza: anakuonyesha kitu kwa kidole? Anakuangalia usoni?

"Ndiyo, ananionyeshaka."

"Ile ni muzuri. Na anacheza na nani?"

Wivine alifungua mdomo, machozi yakatangulia.

"Hakuna muntu, mama. Tuko babili tu."

Madeleine alimshika mkono. "Haiko kosa yako. Lakini tusingoje. Wengi banasema, 'atasema tu siku moja.' Tumupeleke kwa munganga wa masikio."

Daktari alikuta maji nyuma ya ngoma za masikio, yaliyomzuia kusikia vizuri. Léa alitibiwa na kurudishwa kupimwa mara tatu. Nyumbani, Wivine alifanya kama Madeleine alivyomwelekeza: alichuchumaa mbele ya mtoto, uso kwa uso, akataja kila kitu. Fagio. Maji. Kifuniko. Mwanzoni aliona haya kusikia sauti yake mwenyewe uani. Kila Alhamisi alimpeleka Léa kucheza na watoto wengine kituoni.

Miezi ikapita. Guelord alikuwa bado Sakania, na ukuta ulikuwa ule ule. Asubuhi moja honi ililia. Léa aliacha vifuniko, akageuka, akakimbilia kwa mama yake.

"Mama! Pii! Pii! Mama!"

Madame alishuka garini, akakunja uso.

"Wivine, mutoto yako leo iko na makelele sana."

"Ndiyo, Madame," alijibu Wivine. Wala hakumnyamazisha.