Fulana ya Mpiga Chapa

Baiskeli ya dobi ilikata kona ya Keko bila kupunguza mwendo.

Audax Kamugisha aliinamia usukani wa BSA yake, akamwachia hatua mia mbili.

Mia mbili, si zaidi. Akisogea karibu, dobi angeisikia pikipiki. Akibaki nyuma, angempoteza kati ya mbao za maseremala na vumbi la randa zao.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, Novemba 1953. Jua lilikuwa kali. Audax alijua ni kali kwa sababu watu wote walitembea upande wa kivuli. Yeye mwenyewe hakulisikia.

Redio ya Pye ilikoroma ndani ya mkoba wa ngozi ubavuni mwake.

"Kipanga. Kiota hapa. Uko wapi?"

"Keko. Mzigo uko kwenye Raleigh nyeusi. Bunda la nguo, nyuma."

"Usimkamate."

"Najua."

"Fuata mpaka kwa mwenyewe."

"Nimesikia. Mwisho."

Kiota alikuwa Bwana Garland, Mwingereza aliyeongoza idara ndogo ya polisi isiyokuwa na kibao mlangoni. Vyumba vitatu, juu ya duka la mbegu. Audax alikuwa Inspekta Msaidizi huko kwa mwaka wa tisa. Alishakamata bunduki zilizofichwa ndani ya magunia ya karafuu na almasi ndani ya mkate. Kila mara alipewa mkono, na kila mara alikwenda nyumbani akalala.

Asubuhi ile aliletewa kipande cha karatasi chenye maneno matatu. *Shangazi anafua leo.*

Maana yake: mtihani umeibwa, na umetoka kwa nguo.

Aliyegundua ni Felicitas, karani wa kiwanda cha chapa mjini. Kiwanda hicho ndicho kilichochapa mtihani wa darasa la kumi wa nchi nzima. Kila mfanyakazi alipekuliwa wakati wa kutoka: mifuko, kofia, viatu, hata kopo la chakula. Lakini Ijumaa jioni Felicitas alipokagua herufi za madini ya risasi zilizopangwa kwa karatasi ya Hesabu, aliona uzi mweupe umenasa kwenye namba saba. Akainama. Akaona mwingine kwenye namba nne.

Pamba.

Mtu alikuwa ameilalia ile sahani ya herufi zenye wino, kifua chini, fulana yake ikanywa wino, kisha akafunga vifungo vya shati lake na kutoka getini akiwa ameyavaa maswali. Na mtu pekee aliyebaki peke yake na herufi zile mchana ule alikuwa Nassibu, mpanga herufi wa miaka mingi, mkazi wa Temeke.

Saa saba na nusu Nassibu alimkabidhi dobi bunda la nguo.

Sasa dobi alikuwa Barabara ya Pugu, akinyonga kama anafukuzwa.

Alipofika Ukonga alishuka. Aliacha furushi la kwanza kwenye nyumba ya bati jipya. La pili alimpa mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele. La tatu aliliweka barazani kwa duka lililofungwa, akageuza baiskeli bila kubisha hodi.

Mafurushi matatu. Mtu mmoja kwenye pikipiki.

Audax alitoa darubini yake ndogo ya Zeiss. Furushi la kwanza, mashati yaliyonyooka kwa pasi. La pili, kanga zilizokunjwa. La tatu lilikuwa limevimba, nguo zake zimefinyangwa.

Dobi hampelekei mteja nguo chafu.

Alibonyeza kitufe cha redio. "Mkaa, Mkaa. Kipanga hapa."

"Nakusikia, afande!" Sauti ya Koplo Mwishehe ilijaa kelele za Bedford. Alikuwa nyuma na lori lililopakiwa magunia ya mkaa, redio ya pili ikiwa chini ya kiti. "Mie nimeungua mgongo huku. Hiki kiti ni kikaango."

"Dobi anarudi kwako. Mzuie. Usimpige."

"Hija huyu? Namjua, afande. Simpigi. Nitamwomba tu anipe lifti, kisha nisishuke."

Audax hakucheka. Alisikia kwamba ni mzaha, kama mtu anavyosikia mvua akiwa ndani ya nyumba.

Morris ya kijani ilitokea upande wa reli. Ilisimama mbele ya duka. Mkono mweupe ulitoka dirishani, ukanyakua furushi.

Gari likaondoka.

BSA nayo.

Walipita Gongo la Mboto. Walipita mashamba ya mihogo. Barabara ilianza kupanda, lami ikaisha, vumbi jekundu likainuka. Kwenye vilima vya Pugu, Morris iliingia njia ya msituni. Audax alizima pikipiki, akailaza vichakani na kwenda kwa miguu.

Nyumba ilikuwa moja tu, ya mawe, na vigae juu. Ndani mlisikika taipu.

Ta. Ta-ta. Ta.

Kila herufi ilikuwa swali linalotoka.

Alitoa bastola yake ya Webley, akaingia kwa mlango wa jikoni.

Mzungu alikuwa amekaa mbele ya Remington, mgongo kwa mlango. Kwenye ubao ukutani, fulana ilikuwa imetandazwa na kubanwa kwa pini, kifua mbele. Mistari myeusi ilisomeka wazi. *1. Mfanyabiashara ana magunia…* Pembeni palikuwa na mashine ya kudurufu ya Gestetner, imetiwa wino, tayari.

"Mikono juu ya meza," Audax alisema.

Mzungu hakushtuka. Aligeuka pamoja na kiti, na mkononi mwake tayari mlikuwa na Browning.

Bastola ililia.

Audax aliona mkono wa kushoto wa shati lake ukichanika. Aliona damu. Alingoja maumivu yaje, hayakuja, akaona hakuna haja ya kuyangoja. Aliisukuma meza kwa goti. Remington ilimwangukia mzungu mapajani. Kitako cha Webley kikafuata, mara moja, juu ya kifundo cha mkono. Browning ikateleza mpaka chini ya kabati.

Pingu zikafunga.

"Jina?"

"Lorimer. Nauza mashine za taipu." Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani Kenya. "Wewe hodari sana, Inspekta. Sasa peleka mimi kotini."

Audax alifungua mkoba uliokuwa kitandani. Pasipoti mbili, majina mawili, uso mmoja. Barua zenye anwani za Nairobi. Alizisoma akiwa amesimama, damu ikidondoka juu ya sakafu.

"Ulitaka kumuuzia nani?"

"Kuuza?" Lorimer alicheka. "Mimi hapana uza. Jumatatu watu wataokota karatasi hamsini nje ya shule. Gazeti litaandika. Serikali itafuta mtihani, nchi nzima. Januari, Baraza linakaa kusema kama vijana wenu watapata nafasi mpya za sekondari. Nani atapa wezi nafasi?"

Audax alizikunja barua, akazirudisha mkobani.

"Sasa fikiri. Wewe kamata mimi na fulana hii. Hakimu atasoma fulana. Gazeti iko pale. Mtihani unakufa vilevile." Lorimer alinyoosha miguu yake. "Wewe umeshinda, mimi pia nimeshinda. Wanaoshindwa ni watoto."

Ilikuwa kweli.

Sheria ilikuwa fupi: swali likionekana na jicho lisilohusika, mtihani unafutwa. Palibaki siku tisa. Hapakuwa na muda wa kutunga mwingine.

Audax aliitazama ile fulana.

Mwaka 1935, katika shule moja ng'ambo ya ziwa, mwalimu alikutwa na karatasi ya mtihani ndani ya godoro. Wavulana ishirini na wawili walifutiwa matokeo. Kumi na tisa hawakuwahi kuiona hiyo karatasi. Audax alikuwa mmoja wao. Alitaka kuwa daktari. Jina lake lilisomwa mbele ya kanisa zima pamoja na majina ya wezi, na baba yake akatoka nje kabla halijamalizika. Audax alisubiri hasira. Alisubiri aibu. Vyote vilifika siku moja, vikakaa kidogo, vikaondoka na kila kitu kingine.

Hata sasa, mbele ya fulana, alichungulia ndani yake. Hapakuwa na mtu.

Lakini mikono yake ilishaanza kutoa pini.

Aliing'oa stensili, karatasi ya nta ya kudurufia, kwenye Remington, maswali manne tu yakiwa yamepigwa. Aliitia kwenye jiko la mkaa. Utepe wa taipu nao. Aliigeuza Gestetner kichwa chini, akaipiga kwa kisogo cha shoka la kukatia kuni mpaka rola ikapinda.

Halafu alitafuta beseni.

Mwishehe alipofika na Bedford, dobi akiwa amekaa juu ya magunia kama abiria, alimkuta afande wake amechuchumaa uani. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa chenye damu. Alikuwa akifua.

"Afande?"

"Niletee mafuta ya taa. Na magadi, yako jikoni."

"Afande, si huo ndio ushahidi?"

"Ndiyo."

Mwishehe alimtazama. Akatazama maji yaliyoanza kuwa meusi. Kisha mtani yule akaenda, akaleta mafuta ya taa.

Walisugua kwa zamu. Magunia ya mfanyabiashara yakafutika. Tangi la maji likafutika. Treni mbili zilizotoka Tabora na Dodoma zikabaki kivuli, kisha doa, kisha hazikuwapo.

Ndani ya nyumba Lorimer alianza kupiga kelele. Ndipo alipoelewa.

"Huwezi! Hiyo ni mali ya mahakama! Nitasema! Nitasema kila kitu!"

"Sema," Audax alimjibu kupitia dirisha. "Waoneshe."

Redio ilikoroma kwenye lori.

"Kipanga. Taarifa."

"Mtu mmoja mkononi. Pasipoti mbili. Browning bila kibali. Amempiga risasi askari."

"Askari gani?"

"Mimi."

"Unaendeleaje?"

"Naendelea."

"Na fulana?"

"Nimekuta fulana moja, bwana. Nyeupe. Haina kitu."



"Audax. Felicitas aliona nyuzi."

"Nyuzi ni nyuzi, bwana. Mpanga herufi hujifuta mikono kwa matambara."

"Unajua unaniambia nini?"

"Najua. Kumpiga risasi askari ni miaka mingi. Hakuna haja ya kumwongezea."

Garland alipumua kwenye kipaza sauti. Alikuwa mtu wa kanuni, lakini hakuwa mjinga.

"Andika hivyo," alisema hatimaye. "Mwisho."

Hija dobi hakujua kusoma. Alichojua ni kwamba bunda moja halikutakiwa kufuliwa. Mwishehe alimrudisha Keko na onyo, na akamwachia fulana aianike.

Saa kumi na moja jioni Audax alibisha hodi Temeke.

Nassibu alifungua mwenyewe. Mzee mwembamba, vidole vyake vina wino usiotoka. Alimwona yule mtu mwenye bandeji, akajua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ndogo. "Nivae viatu?"

"Bado. Nani mwingine aliyaona maswali?"

"Hakuna. Wallahi. Hata wanangu."

"Kwa nini ulifanya?"

Nassibu alikaa kizingitini. "Yule mzungu alisema ni rafiki yetu. Alisema watoto wetu wanaangushwa makusudi, yeye atawapa maswali wasome, waingie kwa wingi. Mie napanga herufi za mitihani mwaka wa kumi na sita, mwanangu. Na orodha za matokeo nazipangaga mie. Najua majina yetu ni mangapi. Yanatosha mstari mmoja." Alijifuta uso. "Nilitaka siku moja nipange ukurasa."

Audax alimweleza kile Lorimer alichokuwa ametaka. Alikieleza kwa maneno machache, sauti ileile, kama mtu anayesoma ratiba ya treni.

Mzee alilia. Audax alimtazama akilia. Alijua kwamba mtu mwingine hapo angemshika bega.

"Jumatatu utaandika barua," alisema. "Macho yamechoka. Unaacha kazi."

"Na jela?"

"Hakuna kilichoibwa."

Nassibu aliinua kichwa. Alifungua mdomo amshukuru, lakini alichokiona kwenye uso ule kilimfanya aufunge.

"Mungu akuponye, mwanangu," alisema tu. Hakuwa akitazama bandeji.

Siku tisa baadaye, saa mbili kamili asubuhi, Audax alisimama nje ya dirisha la shule moja ya Temeke. Ndani, msimamizi aliinua bahasha juu ili kila mtahiniwa aone lakiri nyekundu haijavunjwa. Akaivunja. Karatasi zilipita kutoka dawati hadi dawati. Wavulana thelathini na wasichana watatu waliinamisha vichwa.

Mwishehe alisogea karibu, akanong'ona.

"Lorimer anapiga kelele mahabusu mpaka sauti imekauka, afande. Walinzi wanadhani ana malaria ya kichwa." Alitabasamu akichungulia darasani. "Wee! Tazama wanavyoandika. Si umefurahi lakini?"

Audax alijipekua ndani kwa uaminifu, kama mlinzi wa getini.

"Sijui," alisema.

Mkono wa kushoto ulikuwa na jambo dogo tangu alfajiri. Ulikuwa unauma.

Alivaa miwani yake ya vumbi, akaishika BSA. Mwishehe alinyanyua mguu amsaidie kuipiga kiki.

"Acha," Audax alisema. "Wanafanya Hesabu."

Akaisukuma kwa mkono mmoja, polepole, mpaka ukuta wa shule ulipoisha. Akaendelea kuisukuma nyumba mbili zaidi.

Ndipo akaiwasha.